Kirusi cha flu kiko kooni, mbona mpaka magoti yanauma?

Kama umewahi kupata flu yenyewe, sio yale mafua ya makamasi na chafya ambayo unajikaza unaendelea na kazi, unajua inavyokuja. Asubuhi mzima, jioni hoi: homa, kichwa kinagonga, kikohozi kikavu, unatetemeka ndani ya blanketi, mgongo, magoti, mpaka macho ukiyageuza yanauma. Sasa je, wajua kwamba huko kote kunakouma kirusi mara nyingi hakipo kabisa? Kwa watu wengi kinaishia puani, kooni na kwenye njia ya hewa, kikizidi mapafuni.

Tuanze na chenyewe. Kina upana wa kama nanomita 100 hivi (nanomita ni milimita moja ukiigawa mara milioni), na maelekezo yake yote yamo kwenye vipande 8 vya RNA, kemikali inayobeba maelekezo ya urithi kama DNA. Nje kimejaa miiba ya protini za aina mbili, H na N, ndo maana unasikia majina kama H1N1 na H3N2. H inang'ang'ania seli ya njia ya hewa mpaka kirusi kinaingia, kikishaingia seli inaacha shughuli zake inaanza kutengeneza virusi vipya, halafu N inavikata vitoke viende kushika seli za jirani. Muda wote huo hujisikii chochote. Inachukua siku 1 mpaka 4, mara nyingi 2, na kibaya zaidi ni kwamba siku moja kabla hujaanza kuumwa tayari unaweza kuwa unaambukiza wenzako.

Ila seli iliyovamiwa haifi kimya kimya. Inatoa kemikali za kuwaonya majirani, mojawapo inaitwa interferoni, na seli za kinga nazo zikifika zinamwaga za kwao, zote zinaingia kwenye damu na damu inafika kila mahali. Zikifika kwenye ubongo, ile sehemu inayopanga joto la mwili inapandisha kiwango, tuseme kutoka 37 kwenda 39, kwahiyo wewe mwenye 37 mwili unakuhesabu kuwa una baridi, na misuli inatetemeka ili itengeneze joto. Huko kwenye misuli na viungo nako mishipa ya fahamu inakuwa nyepesi kuhisi maumivu. Yaani magoti yanaumizwa na kinga yako mwenyewe ikiwa vitani!

Ushahidi upo na mimi unanivutia sana. Interferoni iligunduliwa mwaka 1957 kule London na wanasayansi wawili, Alick Isaacs na Jean Lindenmann, tena walikuwa wanachunguza kirusi hiki hiki cha flu. Baadaye ikatengenezwa kama dawa, wagonjwa wa homa ya ini aina ya C wakawa wanachomwa, na wengi wao baada ya sindano walipata homa, baridi na mwili kuuma kama mtu mwenye flu wakati hawana flu hata kidogo.

Ukishaelewa hapo utaona kwanini parasetamo inakupa nafuu lakini haiui kirusi, inatuliza tu zile kemikali za maumivu na homa. Antibayotiki ndo haihusiki kabisa, inaua bakteria, na inaniuma kuona watu bado wanazimeza kwa flu. Dawa ya flu kweli ipo, oseltamivir, inaizuia ile N isikate virusi vitoke, ila inafaa zaidi ikianzwa ndani ya masaa 48.

Na tafadhali usiichukulie poa. Wajawazito, watoto wadogo, wazee, wenye pumu, kisukari au matatizo ya moyo inaweza kuwageukia vibaya. Mtu akianza kupumua kwa shida, kifua kikauma, akachanganyikiwa, au homa ilishuka halafu ikarudi na kikohozi kibaya kuliko mwanzo, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, hiyo ya kurudi mara nyingi ni nimonia ya bakteria imedandia, na hapo sasa antibayotiki inakuwa na kazi.

Kuna wanaosema chanjo iliwapa flu. Chanjo ya sindano haina kirusi hai, haiwezi. Kilichowauma mwili siku moja mbili ni kemikali zile zile, kinga imeonyeshwa ile H ya virusi vya mwaka huo na imeanza kujiandaa.