Wafanyakazi Wanaponyamaza Mbele ya Mkuu Wao

Katika kazi yangu ya saikolojia ya mashirika, wakuu wa idara huniuliza mara kwa mara namna ya kuwatia wafanyakazi ari, lakini ni wachache mno wanaouliza kwa nini vikao vyao ni vya kimya. Mimi huanzia kwenye ukimya huo, kwa sababu kiongozi asiyeletewa habari mbaya mapema hukata shauri gizani, hata awe hodari kiasi gani.

Mwaka 1996, mtafiti Amy Edmondson alichapisha uchunguzi kuhusu makosa ya utoaji dawa katika hospitali mbili za Marekani. Alitarajia kwamba wodi zenye uongozi mzuri zingekuwa na makosa machache. Takwimu zikaonyesha kinyume chake. Maelezo aliyoyafikia ni kwamba wauguzi wa wodi hizo yaelekea hawakukosea zaidi, bali waliyasema makosa yao waziwazi, ilhali wenzao waliomwogopa msimamizi waliyaficha. Mwaka 1999, baada ya kuchunguza timu 51 za kampuni moja ya viwanda, alionyesha kuwa watu wanaoamini kwamba hawataaibishwa kwa kuuliza au kukiri kosa hujifunza zaidi, na kazi yao hunufaika. Hali hiyo ndiyo tunayoiita usalama wa kisaikolojia.

Mfanyakazi anayetaka kusema hupiga hesabu, mara nyingi bila kujua: hasara ya kusema itampata yeye peke yake, tena papo hapo, wakati faida ni ya wote na huenda isionekane kamwe. Wengi wetu tumelelewa tusimbishie mkubwa, kwa hiyo hesabu hiyo hutuelemea zaidi, ingawa si sisi peke yetu. Huko Tenerife, kisiwa cha Uhispania, tarehe 27 Machi 1977, ndege ya KLM, shirika la Uholanzi, ilianza kukimbia ipae katika ukungu huku ile ya Pan Am, shirika la Marekani, ikiwa bado kwenye barabara hiyo hiyo ya kurukia. Mhandisi wa ndege ya KLM aliuliza kama wenzao wa Pan Am wameshatoka barabarani. Rubani mkuu akajibu kwa mkazo kwamba wametoka, na swali likaishia hapo. Ndege hizo ziligongana, na watu 583 walikufa. Zilikuwapo sababu nyingine, zikiwamo sauti za redio zilizogongana, lakini ajali za aina hiyo ndizo zilizoyafanya mashirika ya ndege yaanze kuwafundisha marubani wakuu kusikiliza na wasaidizi wao kupinga.

Kutangaza kwamba mlango wa ofisi uko wazi hakusaidii sana, na sanduku la maoni, kwa mtazamo wangu, ni ungamo kwamba kusemezana ana kwa ana kumeshindikana. Wafanyakazi humsoma mkuu wao pale mhasibu anapoeleza kuwa hesabu za mwezi zina pengo. Mkuu akifoka, waliohudhuria wote wamepata jibu, na pengo lijalo atalisikia kwa mkaguzi. Akiuliza limetokeaje na limegunduliwaje, bado anaweza kumwajibisha mzembe baadaye, kwa sababu usalama huu haufuti viwango vya kazi. Na katika jambo ambalo hajaliamua, atoe maoni yake mwisho. Akishayatoa mwanzoni, kinachofuata ni watu kumwitikia tu.