Mshipa Umebanwa Shingoni: Ultrasaundi Huona Nini?

Mtu akisema "mshipa umenibana", huenda anamaanisha mshipa wa damu, wa fahamu, au hata ukano. Kiswahili kimevitia vyote kapu moja. Ultrasaundi huvitenganisha: mpimaji akikandamiza kifaa shingoni, vena (mshipa urudishao damu moyoni) hubonyea ikafungika, ateri (mshipa utoao damu moyoni) hudunda, mshipa wa fahamu, yaani neva, hubaki vilevile.

Dhana: Ultrasaundi ni ya wajawazito.
Ukweli: Mashine inaweza kuwa ileile, kinachobadilishwa ni kichwa chake. Cha shingo hutoa mawimbi ya takriban megahezi 10 hadi 18, ambayo hayafiki mbali, lakini neva ziendazo mkononi zimelala karibu na ngozi. Kati ya misuli miwili ya ubavuni mwa shingo neva hizo huonekana kama viduara vyeusi vimepangana kama shanga uzini.

Dhana: Ina mionzi.
Ukweli: Haina. Ni sauti tu.

Dhana: Majibu yakiwa safi, shingo haina tatizo.
Ukweli: Hapa ndipo wengi hupotea. Sauti hii haipenyi mfupa. Diski, yaani kisahani laini kilicho kati ya pingili za shingo, ikichomoza ndani ya uti ikabana neva pale neva inapochomokea, ultrasaundi haitaiona vizuri. Hiyo ni kazi ya MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku. Hata chini ya mtulinga kioo huonyesha kivuli cheusi. Kwa hiyo uliza: safi wapi?

Dhana: Lazima utulie tuli.
Ukweli: Hapo unaichanganya na MRI. Huku utaambiwa uinue mkono, kama anayetua ndoo kichwani, mpimaji akitazama damu inavyopita karibu na mtulinga. Ila ikipungua asikimbilie kukupa jina la ugonjwa, maana kwa watu wenye afya njema pia hupungua. Cha maana ni kama ganzi yako inakuja wakati huohuo.

Dhana: Mkono ukifa ganzi, chanzo ni shingo.
Ukweli: Si lazima. Ganzi ya kidole gumba, cha shahada na cha kati mara nyingi hutoka kwenye kifundo cha mkono, karibu na kiganja. Uzuri wa ultrasaundi ni kwamba mpimaji hufuata neva kutoka shingoni hadi huko kwa kikao kimoja. Neva iliyobanwa huvimba kabla ya kufika penye mbano. Pale kwenye kifundo, eneo la mkato wa neva likizidi takriban milimita mraba 10, ataishuku. Imeharibika kiasi gani? Hilo hujibiwa na kipimo cha umeme wa neva.