Sindano ya pepopunda: kinachovuka kwenda kwa mtoto si chanjo

Bibi mmoja wa Kibosho alimsindikiza mkwewe kliniki hapa Moshi, akakaa kwenye benchi akinitazama ninavyovuta dawa kwenye bomba la sindano. "Sista, huyu hana kidonda. Na mtoto bado yuko tumboni. Sasa mnamchoma nani?"

Foleni ikiwa ndefu huwa najibu: chanjo inavuka, inamfikia mtoto. Jibu fupi, ila si sahihi, na nimelitumia miaka mingi. Kichupani mna sumu ya bakteria wa pepopunda iliyokwisha kuondolewa makali. Mwili wa mama ukiiona, unatengeneza kingamwili za kuikabili sumu yenyewe. Hizo ndizo zinazosafiri. Wala hazichujiki tu kama maji kwenye kitambaa: kondo la nyuma lina vipokezi vinavyozishika mkia na kuzipitisha upande wa mtoto. Kazi hiyo huanza taratibu, ikapamba moto miezi mitatu ya mwisho, hata mtoto aliyetimiza miezi yake anaweza kuzaliwa na nyingi kuliko za mama yake. Njiti hupata pungufu. Ameondoka mzigo haujaisha kupakiwa.

Ndiyo maana nakuwa mkali kwenye tarehe. Dozi ya kwanza huuamsha mwili tu. Ya pili, walau wiki 4 baadaye, ndiyo inayopandisha kingamwili, na inatakiwa iwe imeshaingia angalau wiki 2 kabla ya kujifungua. Anayekuja mara ya kwanza mimba ikiwa na miezi minane ananibana kwelikweli. Dozi 5 zikikamilika kwa ratiba yake, zinamlinda mama miaka yote ya kuzaa. Kwa hiyo jamani, kadi ya mimba iliyopita msiitupe! Bila kadi nashindwa kujua dozi ngapi umeshapata.

Nikamwonyesha bibi viatu vyake. Vilikuwa na samadi mbichi. "Umepita bandani asubuhi?"

"Nisipopita ng'ombe atakula nini?"

Mbegu za bakteria hawa hukaa miaka kwenye udongo na kinyesi cha mifugo. Kitovu kilichokatwa kwa wembe mchafu, au kilichopakwa majivu au samadi, ni nyama inayokufa isiyopata hewa, mahali wanapostawi. Mtoto hunyonya vizuri siku mbili za kwanza au zaidi, kisha taya linakaza, titi linamshinda, na mguso mdogo tu unamkakamaza mwili mzima.

"Hiyo nimeiona," bibi akasema. Hakusema kwa nani, nami sikuuliza.

Mwaka 2012 Tanzania ilithibitishwa kutokomeza pepopunda ya mama na mtoto mchanga. Maana yake ni chini ya mgonjwa 1 kwa kila vizazi hai 1,000 katika kila wilaya. Udongo wa kihamba, shamba la nyumbani, haukupewa cheti. Na kwa kuwa ugonjwa huu hautoki mtu kwa mtu, jirani akichanjwa mwanao hafaidiki chochote.

Akiba ya mama hupungua wiki baada ya wiki, ndipo mtoto huanza kujitengenezea yake kwa chanjo ya pentavalenti, ya magonjwa matano pepopunda ikiwamo, wiki ya 6, 10 na 14.

Mkwe alipokwisha kuchomwa, bibi akaichukua kadi, akaisogeza mbali na macho. "Ya pili ni lini? Nisomee, nimlete mwenyewe."