Binti Anaporudi Shule Kimya: Kumlea Kihisia Kuanzia Darasa la Tano Hadi Kidato cha Pili

Binti wa miaka 11 au 12 aliyekuwa akirudi shule na kusimulia kila kitu, siku hizi anaingia, anatupa begi, anajilaza. Ukimuuliza kuna nini, "Hakuna." Ukirudia, analia au anajibu kwa ukali. Nyumba nyingi huita hali hiyo kisirani, au husema ameanza kujifanya mkubwa. Tunamwomba mzazi asimpachike jina haraka. Kwanza aangalie mwili, kwa sababu mara nyingi chanzo kipo hapo na kinarekebishika.

Anza na usingizi. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 kila usiku. Wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10. Binti anayemaliza vyombo, akafanya kazi za shule na kulala saa 5 usiku, kisha akaamshwa saa 11 alfajiri kuwahi namba ya asubuhi shuleni, amelala saa 6 tu. Isitoshe, balehe yenyewe husogeza mbele saa ambayo usingizi humjia, kwa hiyo kuchelewa kulala si ukaidi. Maji yachotwe alasiri, sare zipigwe pasi kabla ya giza, na vyombo vya usiku vioshwe kwa zamu na kaka zake. Simu ya nyumbani ilale chumbani kwa wazazi.

Halafu hedhi. Matiti huanza kuchomoza kati ya miaka 8 na 13, na hedhi ya kwanza kwa kawaida hufuata baada ya miaka miwili hivi. Mama, shangazi au mlezi ana muda wa kutosha kumweleza kabla damu haijamkuta darasani. Aambiwe pia kwamba miaka ya mwanzo siku hazitabiriki: kutoka hedhi moja hadi nyingine zinaweza kuwa siku 21 hadi 45, na damu hutoka siku 2 hadi 7. Taulo ya kike hubadilishwa kila baada ya saa 4 hadi 6, basi begi liwe na taulo mbili za akiba, chupi safi na mfuko wa kuwekea iliyotumika. Taulo ikilowa yote ndani ya saa moja au mbili, au damu ikizidi siku 7, aende kituo cha afya. Upungufu wa damu huleta uchovu na hasira ambavyo hakuna nasaha itakayoviondoa. Dagaa, maharage na mboga za majani, pamoja na chungwa au ndimu, humsaidia. Chai isubiri saa moja baada ya mlo, kwani huzuia madini ya chuma kufyonzwa.

Mwalimu naye aangalie. Binti aliyefunga sweta kiunoni wakati wa joto kali, na anajua jibu lakini hanyooshi mkono, huenda anaogopa kusimama. Usimwite ubaoni. Mwache atoke bila kumhoji mbele ya wenzake.

Mengine yanatoka kwa marafiki. Wasichana wa umri huu wanapoumizana, mara nyingi hakuna ngumi wala jeraha: kundi linanyamaza anapofika, nafasi yake kwenye dawati inakaliwa, anaondolewa kwenye kundi la WhatsApp. Mwalimu anaposema "tafuteni wenzenu wanne wanne", anayetengwa hubaki amesimama huku darasa zima linamtazama. Panga makundi wewe mwenyewe, na yabadilishe kila baada ya wiki chache.

Upo pia mpito tunaoudharau. Mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba, na kidato cha kwanza huanza Januari. Katika shule nyingi za serikali, siku hiyohiyo lugha ya kufundishia inatoka Kiswahili inaingia Kiingereza. Aliyekuwa wa kwanza darasani anakaa kimya, na wiki chache baadaye anaamini amekuwa mjinga. Mwambie waziwazi kwamba kilichobadilika ni lugha, akili ni ileile. Miezi ile ya kusubiri ajifunze maneno 10 kwa siku ya sayansi na hisabati. Mwalimu awape dakika mbili wajadiliane na jirani kwa Kiswahili kabla ya kujibu. Kumbebesha mtoto kibao shingoni kwa kosa la kuongea Kiswahili kunamfundisha kunyamaza tu.

Namna ya kuzungumza naye ina uzito kuliko wingi wa maneno. Usimkalishe mbele yako kama mshtakiwa. Mkiwa mnachambua mchele au unamsuka, macho yakiwa kwenye kazi, ulimi hulegea. Taja ulichokiona: "Wiki hii naona huli vizuri, na rafiki yako haji tena." Kisha nyamaza, hesabu kumi moyoni. Akisema, rudia maneno yake: "Kwa hiyo ulipokaa, wao wakahama." Baadaye muulize kama anataka usikilize tu au mtafute la kufanya. Kinachoharibu ni ushauri wa dakika ya kwanza, "enzi zetu sisi", na siri kumfikia shangazi ikarudi mezani kama utani. Ikitokea hivyo mara moja, anaweza kukaa miezi bila kukuambia neno. Lakini mwambie mapema: akidhuriwa na mtu, au akifikiria kujidhuru, hutanyamaza, mtatafuta msaada pamoja.

Huzuni ikidumu karibu kila siku kwa wiki mbili, akiacha alivyovipenda, akivaa mikono mirefu kuficha alama za kujikata, au akisema afadhali asingekuwepo, muulize waziwazi: "Umefikiria kujiua?" Swali hilo halimpandikizii wazo, humfungulia mlango. Akikubali, usimwache peke yake, fungia dawa zote pamoja na sumu za panya na za shambani, na mfikishe kituo cha afya siku hiyohiyo. Afisa ustawi wa jamii anapatikana katika halmashauri yako, na namba 116 ya msaada kwa watoto hupigwa bure saa 24. Kama amebakwa, asioge wala kufua nguo alizovaa. Afike hospitali upesi, kwani dawa za kuzuia VVU hufaa zikianzwa ndani ya saa 72. Kikao cha ukoo cha kuyamaliza nyumbani huzila saa hizo, na mtoto ndiye hubaki na hatari ya maambukizi.