Brigham Young: Yanayosemwa Juu Yake na Yaliyomo Kwenye Nyaraka

Brigham Young, kiongozi wa pili wa kanisa la Wamormoni, alizaliwa Vermont, Marekani, mwaka 1801, mtoto wa tisa kati ya kumi na mmoja katika familia maskini. Alikuwa seremala, fundi rangi na fundi vioo, na mwenyewe alizoea kusema kwamba darasani alikaa siku 11 tu maisha yake yote. Alipofariki Salt Lake City tarehe 29 Agosti 1877 alikuwa ameshawavusha nyika maelfu ya watu, amekuwa gavana wa kwanza wa Utah, ameanzisha mamia ya makazi, ameoa wanawake zaidi ya 50, na ameacha lawama ambazo hazijaisha mpaka leo. Mtu wa namna hiyo huzushiwa mengi, na wanaomsifu huzusha sawasawa na wanaomlaani. Nimesoma wasifu wake kwa makini, na yapo mambo kadhaa ambayo watu wetu huyasema kwa uhakika mkubwa ilhali nyaraka zinasema vingine.

Dhana: Wasifu ulioandikwa na muumini ni sifa tupu, na wa asiye muumini ni matusi

Wapo wanaokataa kufungua kitabu mpaka wajue dini ya mwandishi. Kwa Young kipimo hicho hakifai. Wasifu mbili zinazoheshimika zaidi ni ule wa Leonard Arrington wa mwaka 1985 na ule wa John G. Turner wa mwaka 2012. Arrington alikuwa muumini, tena aliwahi kuwa mwanahistoria rasmi wa kanisa. Turner ni Mpresbiteri, na kanisa lilimruhusu kutumia hifadhi yake ya nyaraka. Arrington anampenda mtu wake na huwa mwepesi kumtetea. Turner hana haraka ya kumsamehe. Ila barua, tarehe na kumbukumbu za vikao wanazozitegemea kwa sehemu kubwa ni zilezile. Ukivisoma vyote viwili utaona wanagombana juu ya uzito wa matukio, mara chache sana juu ya kama yalitokea.

Dhana: Ndiye aliyeanzisha Umormoni, au alirithi kiti moja kwa moja

Mwanzilishi ni Joseph Smith, aliyechapisha Kitabu cha Mormoni mwaka 1830. Young alikisoma na kukipima karibu miaka miwili kabla ya kubatizwa Aprili 1832. Smith alipouawa na kundi la watu wenye silaha katika gereza la Carthage, Illinois, tarehe 27 Juni 1844, hakuacha mrithi ambaye wote walimkubali. Sidney Rigdon alidai uongozi, James Strang naye akadai, na mjane wa Smith, Emma, hakumfuata Young kabisa. Katika mkutano wa tarehe 8 Agosti 1844 watu walikubali waongozwe na Mitume Kumi na Wawili, ambao Young alikuwa mkuu wao. Urais wenyewe wa kanisa aliupata Desemba 1847, zaidi ya miaka mitatu baadaye. Waliobaki nyuma walijikusanya, na mwaka 1860 wakamweka Joseph Smith wa Tatu kuwa kiongozi wao. Kanisa lao lipo hadi leo kwa jina jingine.

Dhana: “Maneno haya ni yake, yameandikwa”

Hapa ndipo wengi wanapoteleza, wapinzani na watetezi kwa pamoja. Hotuba za Young zilinakiliwa kwa hatimkato na George D. Watt, Mwingereza aliyejifunza ufundi huo kwao, kisha kuanzia mwaka 1854 zikachapishwa Liverpool. Wataalamu wa zama zetu wamezisoma upya zile alama za penseli na kuzilinganisha na maandishi yaliyochapishwa, wakakuta tofauti nyingi: sentensi zilizonyooshwa, maneno yaliyoongezwa, mengine yaliyoondolewa. Ile kauli yake maarufu ya kuingia bonde la Salt Lake tarehe 24 Julai 1847, kwamba hapa ndipo mahali penyewe, haimo kwenye shajara ya siku hiyo ya Wilford Woodruff, mmoja wa wale Mitume. Na Woodruff ndiye aliyekuwa amembeba garini mwake, Young akiwa mgonjwa wa homa. Woodruff aliisimulia hadharani mwaka 1880. Inawezekana kabisa aliisema. Lakini anayenukuu Young bila kujua nani aliandika, lini, na nani alihariri, amebeba mzigo ambao hajaufungua.

Dhana: Aliamuru mauaji ya Mountain Meadows. Au kinyume chake: hakuhusika hata kidogo

Tuliangalie hili taratibu, kwa kuwa watu wapatao 120 waliuawa na hawastahili kugeuzwa silaha ya mabishano.

Mwaka 1857 Rais James Buchanan alituma jeshi Utah kumwondoa Young kwenye ugavana. Wamormoni walikuwa wamefukuzwa Missouri mwaka 1838 kwa amri ya gavana iliyotumia neno la kuwaangamiza, kisha wakafukuzwa Illinois. Waliposikia jeshi linakuja, waliona yaleyale yanarudi. Young alihubiri kwa ukali, akakataza kuwauzia nafaka wasafiri, na tarehe 1 Septemba alikutana na viongozi wa wenyeji wa kusini na kuwaruhusu wachukue mifugo ya misafara iliyopita njia ya huko. Katika hali hiyo ndipo msafara wa familia kutoka Arkansas ulipopita, ukielekea California.

Tarehe 7 Septemba, katika bonde la Mountain Meadows kusini mwa Utah, msafara ulishambuliwa na wanamgambo wa Kimormoni wakishirikiana na baadhi ya Wapaiute, kabila la Wahindi Wekundu wa eneo hilo. Viongozi wa Cedar City, mji wa Wamormoni wa karibu, walimtuma mpanda farasi, James Haslam, akamuulize Young wafanye nini. Haslam alikwenda kilomita zaidi ya 400 na kufika asubuhi ya tarehe 10. Jibu liliandikwa siku hiyohiyo, na nakala yake imesalia katika daftari la barua za ofisi ya Young. Linasema msiwaguse wasafiri hao. Sentensi inayofuata inasema Wahindi Wekundu tunatarajia watafanya wapendavyo, ila mjitahidi kudumisha uhusiano mwema nao. Haslam aligeuza farasi. Alipofika tarehe 13, wasafiri walikuwa wamekufa siku mbili. Tarehe 11 John D. Lee, mmoja wa viongozi wa wanamgambo, aliwaendea na bendera nyeupe, akawaahidi usalama wakisalimisha silaha, wakatoka nje, wakauawa wanaume, wanawake na watoto wakubwa. Watoto wadogo 17 waliachwa hai, na mwaka 1859 walirudishwa Arkansas.

Kwa hiyo amri ya kuua kutoka Salt Lake haijaonekana, na barua iliyopo inasema kinyume. Anayedai Young aliagiza mauaji yale anadai kisichokuwepo. Ila msomaji mwaminifu haishii hapo. Young ndiye aliyewasha moto wa maneno uliowapa watu wa kusini ujasiri. Januari 1858, kama msimamizi wa masuala ya Wahindi Wekundu, alipeleka Washington taarifa iliyowabebesha Wapaiute lawama. Mwaka 1861 alifika mahali pale, ambapo askari walikuwa wamezika mifupa na kusimamisha rundo la mawe na msalaba wenye maandishi kwamba kisasi ni cha Bwana. Woodruff aliandika kwenye shajara alichosema Young: ilipasa isomeke kisasi ni changu, na nimekwisha kukilipa kidogo. Rundo lile likabomolewa. Lee alitengwa na kanisa mwaka 1870 tu, na tarehe 23 Machi 1877 alipigwa risasi palepale Mountain Meadows, yeye peke yake kati ya wote waliohusika kutiwa hatiani.

Mimi kwenye ukurasa ule wa 1861 niliweka kitabu chini. Unaweza kumtetea mtu kwa barua ya tarehe 10 Septemba. Kwa kauli ile mbele ya kaburi la watoto, sioni utetezi.

Dhana: Alikuwa na wake hamsini na ushei kwa sababu ya tamaa

Kwamba walizidi 50 ni kweli. Lakini watoto wake, kama 57, alizaa na wanawake 16. Wengi waliobaki waliunganishwa naye kwa ibada ya milele, inayoaminika kudumu hata baada ya kifo, bila kuishi naye kama mke na mume: wajane wazee, baadhi ya wajane wa Joseph Smith, wanawake waliotafuta jina na hifadhi yake. Mwenyewe alisimulia kwamba aliposikia fundisho la mitala mara ya kwanza alitamani kaburi. Mwaka 1842 akamwoa Lucy Ann Decker kuwa mke wa pili, na baada ya hapo hakuangalia nyuma.

Wanaotumia habari hii kumsafisha nao wanapunguza. Tarehe 21 Septemba 1856 alisimama mbele ya watu akawapa wanawake wanaonung'unika muda mpaka tarehe 6 Oktoba waamue: wavumilie bila malalamiko au waondoke, wake zake wakiwemo. Kauli hiyo inaonyesha minung'uniko ilikuwa mingi kiasi cha kupanda mimbarini. Baadhi walimwacha kweli, na mwaka 1873 Ann Eliza Webb alifungua kesi ya talaka iliyosomwa na nchi nzima. Kwa sisi tuliokulia kwenye jamii zinazoijua mitala, haya hayashangazi: mke mkubwa, kipenzi na aliyesahaulika, wote wamo.

Na kanisa lenyewe? Liliacha kuruhusu ndoa mpya za mitala kwa tamko la mwaka 1890 la Woodruff, aliyekuwa rais wa kanisa wakati huo, na siku hizi anayeoa wake wengi hutengwa.

Dhana: Alijitajirisha kwa sadaka

Hesabu zake zilichanganyika na za kanisa, hilo halibishaniwi, na aliishi vizuri kuliko waumini wake. Ila sheria ya Bunge la Marekani ya mwaka 1862 ilizuia kanisa katika maeneo yasiyo majimbo kumiliki ardhi na majengo ya zaidi ya dola 50,000, kwa hiyo mali nyingi za kanisa ziliandikwa kwa jina lake. Alipokufa sehemu kubwa ilirudishwa kanisani, na baadhi ya warithi wakaenda mahakamani.

Dhana: Kuwanyima Waafrika ukuhani lilikuwa fundisho la tangu mwanzo

Hili linatuhusu, na ndilo ninalotaka msomaji wa Kiswahili alijue vizuri kuliko yote.

Elijah Abel, mtu mweusi, alipewa ukuhani, mamlaka ya kidini ambayo kanisa hili huwapa wanaume waumini wa kawaida, mwaka 1836, enzi za Joseph Smith. Walker Lewis, kinyozi mweusi wa Lowell, Massachusetts, naye alikuwa mzee wa kanisa, cheo cha ukuhani huo, na Machi 1847 Young mwenyewe alimtaja katika kikao kuwa mmoja wa wazee bora walionao. Mwisho wa mwaka huohuo alipata habari kwamba mtoto wa Lewis ameoa mwanamke mzungu, na maneno yake katika kikao cha Desemba yalikuwa ya kutisha. Tarehe 5 Februari 1852, mbele ya baraza la kutunga sheria la Utah, alitangaza kwamba mtu mwenye damu ya Kiafrika hawezi kushika ukuhani, kwa hoja ya laana ya Kaini. Mwaka uleule Utah ilihalalisha utumwa kwa sheria aliyoitia saini, ukadumu mpaka Bunge la Marekani lilipoupiga marufuku katika maeneo yote mwaka 1862. Wakati huo watumwa walikwishakuwa Utah: watatu weusi walikuwemo kwenye msafara wa kwanza wa 1847, Green Flake mmoja wao.

Basi zuio lina mwanzo, lina tarehe, na lina mwenyewe. Young hakumsingizia mtangulizi wake. Alilitangaza kwa sauti yake. Miaka mitano tu inamtenganisha Young aliyemsifu Walker Lewis na Young wa mwaka 1852, na wasifu mzuri hukuonyesha mwezi kwa mwezi alivyogeuka.

Jane Manning James alilibeba zuio hilo mwilini. Alikuwa mweusi huru wa Connecticut. Mwaka 1843 yeye na ndugu zake walikataliwa chomboni huko Buffalo, wakatembea kwa miguu kilomita zaidi ya 1,000 mpaka Nauvoo, mji wa Wamormoni huko Illinois. Alisimulia kwamba viatu viliisha, nyayo zikapasuka, na damu ikaacha alama ardhini. Alifanya kazi nyumbani kwa Smith, kisha kwa Young, akafika Utah mwaka 1847. Baadaye aliwaandikia viongozi tena na tena akiomba ibada za hekaluni, wakamkatalia. Mwaka 1894 wakamruhusu kitu kimoja: kuunganishwa na familia ya Joseph Smith kama mtumishi. Hakuridhika, akaendelea kuomba mpaka alipofariki mwaka 1908.

Zuio liliondolewa Juni 1978, chini ya rais wa kanisa Spencer W. Kimball, miaka 126 baada ya hotuba ile. Mwaka 2013 kanisa lilichapisha makala inayokiri kwamba lilianza wakati wa Young na kuzikana nadharia za laana zilizotumika kulitetea. Hekalu la Kinshasa lilifunguliwa mwaka 2019, la Nairobi mwaka 2025. Wazee wa kanisa wanaohudumu humo wasingeweza kuingia kabla ya 1978. Muumini wa Kongo au Kenya akiambiwa na mtu kwamba mambo haya ni uzushi wa maadui, makala hiyo ya 2013 imetolewa na kanisa lake mwenyewe, na hotuba ya tarehe 5 Februari 1852 ipo, imesomwa kutoka kwenye hatimkato ya Watt.