Je, wajua? Nikea maaskofu hawakukaa kuchagua vitabu vya Biblia

Miaka mingi tu nilikuwa nawaambia watu Biblia ilipangwa kwenye mkutano wa Nikea (mji uliopo Uturuki ya leo) mwaka 325, eti Konstantino, mfalme wa Roma, kawaita maaskofu wakapiga kura, kitabu hiki ndani, kile nje, na nilikuwa naongea kwa kujiamini kabisa. Si kweli. Kanuni 20 walizopitisha zipo mpaka leo, wamegusa hadi mapadri wanaokopesha kwa riba, ila habari ya kuchagua vitabu hamna. Stori yenyewe inatokea kwenye maandishi ya Kigiriki ya karne ya 9 huko, yanasema vitabu viliwekwa altareni watu wakasali, vya kweli vikutwe juu na vya uongo chini. Miaka 500 baadaye!

Waligombania nini sasa? Neno. Arius, padri wa Alexandria, alifundisha kwamba Mwana aliumbwa, kuna wakati hakuwepo. Shida ni kwamba kila mstari wa Biblia waliowekewa, watu wa upande wake waliupokea freshi tu. Mwana "ametoka kwa Mungu"? Sawa, kwani kuna kitu hakijatoka kwa Mungu? Athanasius, shemasi wa Alexandria wakati huo, anasimulia walivyokuwa wakinong'onezana na kukonyezana (ila naye alikuwa hasimu wao, tumsikilize kwa akili).

Chukua seremala. Kiti kimetoka kwake, mtoto wake naye katoka kwake, ukisema "katoka kwake" hujatenganisha kitu. Sema "ni wa asili moja naye", kiti kinabaki nje hapo hapo. Ndo kazi ya neno la Kigiriki homoousios ("wa asili moja"), walilitafuta lile ambalo Arius hawezi kulimeza, wakaliweka kwenye tamko lao la imani. Wakatoliki wanalisali mpaka leo, "aliyezaliwa bila kuumbwa, mwenye umungu mmoja na Baba", hilo "bila kuumbwa" ni Arius anajibiwa kila Jumapili.

Wote wakalisaini tamko hilo kasoro maaskofu wawili wa Libya. Wote wangapi? Eusebius wa Kaisaria, aliyekuwepo, anasema zaidi ya 250, baadaye ikazoeleka 318, sawasawa na watu wa Abrahamu kwenye Mwanzo 14, hapo naguna kidogo.

Na wengi walisaini kila mtu na tafsiri yake kichwani, kwa hiyo ugomvi ukaendelea miaka mingine 50 na ushee, Athanasius akawa askofu akafukuzwa mara 5, na Konstantino mwenyewe alipokuwa anakufa mwaka 337 aliyembatiza ni Eusebius wa Nikomedia, rafiki wa Arius.