Marudio ya hesabu za msingi sekondari: maksi zinapotelea wapi

Msimu wa mitihani ukikaribia maswali ni yaleyale, na matokeo yakitoka malalamiko nayo ni yaleyale, eti mtoto kasoma usiku na mchana halafu hesabu imemwangusha, pengine kaonewa. Sisi tunaosahihisha uchungu huo tunaujua na hatuubezi. Lakini kwenye hesabu za msingi maksi nyingi haziishii kwenye mada ngumu, zinaishia kwenye sehemu, namba hasi, asilimia na vipimo, yaani vile vitu ambavyo mwanafunzi akifika kwenye marudio anaviruka anasema hivi navijua.

Chukua 1/2 + 1/3. Anayejua atapata 5/6, ila wapo wengi tu wanajumlisha juu kwa juu, chini kwa chini wanaandika 2/5 na kuendelea na swali linalofuata bila wasiwasi. Sasa 2/5 ni ndogo kuliko hata hiyo nusu uliyoanza nayo, umeongeza kitu kikapungua, hukushtuka? Tabia ya kulitazama jibu kabla ya kuliacha ndiyo marudio yenyewe. Muda nao ni hivyohivyo: saa 1 na dakika 45 ni saa 1.75, si 1.45, kwahiyo gari iliyokwenda kilomita 140 kwa muda huo mwendo wake ni kilomita 80 kwa saa, na ukigawanya kwa 1.45 unapata 96 na pointi zake, namba ambayo inaonekana nzuri tu lakini imekosewa.

Asilimia ndiyo inaongoza kwa kubishaniwa. Kitu cha 500 kikipanda asilimia 20 kinakuwa 600, hiyo 600 ikishuka asilimia 20 inakuwa 480, hakirudi 500, maana ile 20 ya pili inatoka kwenye 600. Ndiyo maana wakikwambia bei baada ya punguzo la asilimia 20 ni 480, ya mwanzo huipati kwa kuongeza asilimia 20 ya 480, unagawanya 480 kwa 0.8 unapata 600. Jamani hili tunalirudia kila mara.

Na MAGAZIJUTO, yaani ule mpangilio wa mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Inasaidia sana, ila watu wanaisoma kama amri ya kujumlisha kila kitu kwanza ndipo watoe. 10 − 3 + 2 ni 9, haijawahi kuwa 5. Kujumlisha na kutoa vina hadhi moja, unatoka kushoto kwenda kulia, na kuzidisha na kugawanya vilevile.

Sasa kuhusu usahihishaji, naomba hapa pasomwe taratibu. Swali la maksi 4 kwa kawaida si maksi 4 za jibu, kuna maksi za njia na kuna za usahihi. Ukianza na njia sahihi ukateleza kuzidisha kwenye hatua ya pili, mitihani mingi inakupa maksi za njia, na mara nyingine msahihishaji anaibeba ileile namba yako yenye kosa kuangalia kama hatua zilizofuata ziko sawa. Ukiweka jibu tupu na likawa limekosewa, hana cha kukupa, ni sifuri. Swali likisema onyesha njia, hata jibu sahihi likikaa peke yake linaweza kukosa maksi. Ukikosea kata kwa mstari mmoja, usichafue. Na ukiacha majibu mawili tofauti bila kukata moja, usitegemee msahihishaji akuchagulie. Kila bodi ina kanuni zake, zisome kwenye maelekezo ya karatasi yako, usitegemee ya kusikia.

Kwahiyo marudio yafanyike kwa kalamu. Kusoma mifano iliyokwisha kufanywa halafu unatingisha kichwa kwamba umeelewa, hapana, hesabu haisomwi kama hadithi. Chukua karatasi ya mtihani uliopita, jiwekee muda, ifanye yote, jisahihishe, kisha makosa yako yagawe: nisiyoyajua kabisa, niliyoyajua nikateleza, na yale ambayo swali lenyewe sikulielewa. Kundi la katikati ndilo lenye maksi za haraka na ndilo watu hawaligusi. Rudia maswali hayo baada ya siku kadhaa bila kuchungulia, na uyachanganye, jiometri hapa, aljebra pale, kwa sababu kwenye mtihani hakuna atakayekwambia hili ni swali la mada gani.

Jedwali la kuzidisha lazima liwe kichwani. Kalkuleta kama inaruhusiwa zoea ile utakayoingia nayo, na ujue kwamba kwenye nyingi ukibonyeza −3² bila mabano inakupa −9, wakati (−3)² ni 9. Usikadirie katikati ya kazi, beba desimali zote ukadirie mwishoni.

Simu sio kalkuleta. Kukutwa nayo ndani ya chumba, hata ikiwa imezimwa, hata kama hujaigusa, mitihani mingi inahesabu ni udanganyifu, na adhabu yaweza kuwa onyo, kupoteza maksi za karatasi hiyo, au kufutiwa matokeo yote. Kusema nilisahau mfukoni hakuiondoi adhabu, kwahiyo mzazi mkague mwanao kabla hajatoka nyumbani.